Kabla ya kusema shofere ameuza mazutu: maneno ya fundi juu ya mapine makubwa

(Maneno haya yalisemwa na fundi mmoja wa magari wa Uvira mbele ya wajumbe wa kamati za wakimbizi wa ndani, viongozi wa mitaa iliyowapokea, na mashofere. Tumeyaandika jinsi alivyoyasema, tukiyafupisha kidogo.)



Niliombwa nije niseme jambo juu ya amani. Niliwaambia walionialika kwamba mimi si mhubiri wala mwalimu, mimi ni mtu wa garaji, nguo zangu zinanuka mafuta. Wakaniambia, basi sema lile unalolijua. Ninalolijua ni mapine. Kwa hiyo nitasema juu ya mapine, na namna mapine manne yalivyokaribia kuchoma nyumba ya mtu.

Mnakumbuka mwezi wa nne wa mwaka 2020, mto Mulongwe ulipojaa na kuingia mjini Uvira. Watu walikufa, nyumba zikaenda na maji, maelfu ya jamaa wakabaki bila paa. Wengine kati yenu mlikuwa tayari mmekimbia vita, mkahama mara ya pili kwa sababu ya maji. Barabara nazo ziliharibika, na mvua iliyofuata ikazimaliza. Wakati ule kulikuwa na gari moja, Toyota Hilux ya mazutu, iliyotolewa itumiwe na kamati mbili pamoja: kamati ya wakimbizi wa ndani na kamati ya wenyeji waliowapokea. Gari lilibeba wagonjwa, mbegu, na wazee waliokwenda kupatanisha watu huko Baraka na Fizi. Shofere alikuwa mwenyeji. Sekretere aliyeshika kaye ya gari na funguo ya depo ya mazutu alikuwa mkimbizi. Walipanga hivyo makusudi, ili kila upande uwe na mkono wake ndani ya kazi. Ni mpango mzuri, mimi naukubali hata leo.

Gari lilikuwa likikwama. Kila wiki tope, kila wiki vijana kusukuma. Kamati zikaja kwangu zikasema: fundi, tuwekee mapine makubwa yenye meno, kama yale ya magari tunayoyaona yanapita hapa bila kukwama. Nikayaweka. Niliyatoa yale ya kiwanda, namba zake 205 R16, nikaweka 265/75 R16. Yaliingia kwa shida, ilibidi nikate kidogo plastiki ya ndani ya tope, lakini yaliingia. Gari likasimama juu, likapendeza. Watoto walipiga makofi. Na mimi nilipokea pesa yangu ya kazi, nikanyamaza.

Nisikilizeni hapa, kwa sababu kosa langu ni hapo niliponyamaza. Nilijua jambo ambalo sekretere hakulijua.

Safari ya kawaida ya gari lile ilikuwa kwenda Baraka na kurudi, pamoja na kuzunguka kuchukua watu. Kabla ya mapine mapya, kompteri ilionyesha kilometa 200 kwa safari hiyo, na gari lilikunywa litri 24. Sekretere alijua hesabu hiyo kwa moyo: litri 12 kwa kilometa 100. Baada ya mapine mapya, njia ileile, watu walewale, kompteri ikaonyesha kilometa 185. Na mazutu yaliyotumika yakawa litri 27.

Sasa jiwekeni mahali pa sekretere. Kilometa zimepungua 15, mazutu yameongezeka. Kwa hesabu yake, kilometa 185 zilitakiwa kula litri 22 na kidogo. Zimeliwa 27. Kila safari litri karibu 5 hazijulikani ziko wapi. Baada ya safari 8, ni litri 38, ni kusema karibu bidoni mbili. Tena kilometa 120 hazikutembewa! Sekretere hakuwa mtu mbaya. Kaye yake ilikuwa safi kuliko ya wengi. Alisema alichokiona: shofere hafiki Baraka, anasimama njiani, anauza mazutu, anarudi.

Neno hilo likatoka ofisini likaingia kambini, na kutoka kambini likaingia sokoni. Sokoni halikuwa tena juu ya mtu mmoja. Lilikuwa: wenyeji wanaiba chakula cha wakimbizi. Na upande wa pili: wakimbizi wamekuja juzi, leo wanatutukana wezi. Shofere aliondolewa kazini. Usiku mmoja vijana walikwenda nyumbani kwake na esansi katika chupa. Mzee wa mtaa, mkimbizi yeye mwenyewe, alisimama mlangoni mpaka wakarudi. Gari lilikaa siku 11 bila kutembea, maana hakuna shofere wa upande wowote aliyetaka kulishika. Katika siku hizo mama mmoja mwenye uchungu alipelekwa kwa pikipiki, akajifungulia njiani. Mtoto anaishi, Mungu ashukuriwe. Mimi nilikuwa garajini nikiyasikia yote haya, na nilinyamaza wiki mbili, kwa sababu niliogopa wataniambia nirudishe pesa ya mapine.

Ni jambo gani nililolijua? Nitawaeleza bila maneno ya garaji.

Baba na mtoto wake wanatoka hapa kwenda robine. Mtoto anapiga hatua 300, baba anapiga 200. Robine haikusogea. Sasa kama kuna mtu amefunga macho, anahesabu hatua tu, naye amezoea hatua za mtoto, atasema: huyu baba hakufika robine, ameishia njiani. Kompteri ya gari ndiyo mtu huyo aliyefunga macho. Haioni barabara. Inahesabu mizunguko ya magurudumu, na kiwanda kimeiambia kila mzunguko una urefu fulani. Ukiweka pine kubwa, kila mzunguko unakula njia ndefu zaidi, mizunguko inakuwa michache, na kompteri inaandika kilometa chache. Gari limefika Baraka. Ni kompteri ambayo haikufika.

Mnaweza kupima wenyewe kwa kamba. Zungusha kamba juu ya pine la zamani, pale linapokanyaga chini: lilikuwa sentimeta 233. Zungusha juu ya pine jipya: sentimeta 252. Gawanya 252 kwa 233, unapata 1 na nukta 08. Maana yake, kompteri ikiandika 100, gari limetembea 108. Zile 185 za kaye, ukizizidisha hivyo, zinarudi kuwa 200. Kilometa 120 za wizi zilikuwa ndani ya kamba.

Kipimo cha mwendo kinadanganya vilevile. Shofere akiona 60, yeye yuko 65. Hilo lina hatari yake, kwa sababu gari lenye mapine makubwa na mazito linachelewa pia kusimama. Mashofere mlioko hapa, msilisahau.

Bado kuna mazutu. Tumesema litri 27 kwa kilometa 200 za kweli. Ni litri 13 na nusu kwa 100, si 12. Kwa hiyo, katika zile litri karibu 5 zilizosemwa zimeibwa kila safari, karibu 2 zilikuwa kosa la kalamu. Zile 3 ziliungua kweli. Nani alizikula? Pine lilizikula, na nitawaambia kwa njia gani.

Njia ya kwanza ni ile msiyoiona kwa macho. Pine linapoviringika linajikunja pale linapogusa chini, kisha linanyooka, mara nyingi sana kwa kila kilometa. Kujikunja huko kunatumia nguvu, na nguvu inageuka joto. Baada ya safari weka kiganja juu ya pine. Joto lile lililipwa kwa mazutu. Pine pana, lenye mpira mwingi na meno makubwa, linajikunja kwa nyama nyingi zaidi. Wataalamu wa Marekani waliandikia bunge lao mwaka 2006 juu ya jambo hili. Kwa magari madogo ya watu walisema ukipunguza ugumu wa mapine kuviringika kwa sehemu 10 katika 100, unaokoa mafuta sehemu 1 hadi 2 katika 100. Mtasema ni kidogo. Ndiyo, peke yake ni kidogo, tena wao walisema juu ya barabara zao. Lakini haiji peke yake.

Uzito nao upo. Pine kubwa linazidi lile la zamani kilo kadhaa, na uko ukingoni mwa gurudumu, mahali pabaya kuliko pote. Kila unapoondoka ni lazima uamshe uzito huo uzunguke, na ukishika breki unautupa. Kwenye barabara laini unaondoka mara moja, unakwenda. Kwetu? Shimo, breki, ondoka. Mbuzi, breki, ondoka. Kizuizi, simama, ondoka. Gari letu linaondoka mara mia kabla ya kufika Makobola.

Na kuna vitesi. Pine kubwa ni kama umebadilisha vitesi zote ziwe ngumu zaidi. Mwenye baiskeli aliyebeba mihogo ananielewa: ukimpa baiskeli yenye gurudumu kubwa zaidi la nyuma, kwenye tambarare atafurahi, kwenye mlima atashuka asukume. Kwa gari, kwenye barabara tambarare na laini, motere inazunguka polepole kidogo na hasara inakuwa ndogo. Wengine hata hawaioni. Lakini ukitoka Baraka ukapanda kwenda Fizi, pale ulipokuwa unapita kwa vitesi ya tatu, sasa inakataa, unarudi kwenye ya pili, mguu chini, motere inalia. Ndiyo sababu mtu wa mjini Lubumbashi na mtu wa Fizi wanaweza kununua mapine yaleyale, mmoja akasema hayali mazutu na mwingine akasema yanakula, na wote wawili wakawa wakweli.

Halafu upepo wa mapine. Hapa lawama ni ya shofere kidogo, na yangu. Kwenye tope alipunguza upepo, na alifanya vizuri, maana pine laini linatanuka, linashika. Lakini hakuwa na pompi ya kuujaza tena akifika njia ngumu. Nilipopima niliona kilo moja na nusu pale panapotakiwa zaidi ya kilo mbili. Pine likilegea linajikunja zaidi, linakula zaidi, na ubavu wake unaisha. Kununua mapine manne ya bei kubwa na kukosa pompi ni kama kununua ng'ombe ukakosa kamba.

Mtaniuliza, basi yalitusaidia nini? Yalisaidia. Gari lilikwama mara chache. Lakini hebu tupime tena. Pine la zamani lilikuwa na kimo cha sentimeta 74 hivi, jipya 80. Tumeongeza sentimeta 6, lakini lile tumbo la chuma lililo katikati ya mhimili wa nyuma, ambalo ndilo linalogonga mawe, linapanda kwa nusu tu, sentimeta 3. Upana wa vidole viwili! Kilichotutoa kwenye tope zaidi ni meno, na upepo uliopunguzwa. Meno hayo tungeyapata pia katika pine la kimo cha zamani. Nasema ukweli, nasi tulipenda sura. Tumeona magari makubwa meupe ya mashirika, tukadhani heshima iko kwenye mapine.

Narudi kwa shofere. Siku ya kumi na moja mke wangu aliniambia, wewe unalala vipi? Nikaenda kwa yule mzee aliyesimama mlangoni, nikamwambia yote. Hakunifokea. Aliuliza tu kama ninaweza kuyaonyesha, kwa kuwa maneno watu wameshayachoka.

Tukafanya hivi. Tulijaza tangi mpaka shingoni, mbele ya watu wa pande zote mbili. Shofere yuleyule akakaa kwenye usukani. Pembeni yake alikaa sekretere yuleyule, na nyuma vijana wawili, mmoja mkimbizi, mmoja mwenyeji. Nilikuwa nimejaza upepo sawasawa, na tukashusha chuma kizito kilichokaa juu ya gari bila kazi tangu zamani. Wakaenda Baraka, wakarudi. Sekretere aliona mji kwa macho yake, na kompteri ikaandika 185. Nilikuwepo waliposhuka. Hakusema kitu, alikwenda kuandika namba ile mwenyewe, akaitazama muda mrefu. Tukajaza tangi tena mpaka shingoni palepale, bidoni yenye alama mkononi: litri 26. Si 27, wala si 24.

Sitawadanganya kwamba watu walikumbatiana. Sekretere alimwomba shofere msamaha mbele ya kamati mbili, na shofere aliupokea, lakini kazini hakurudi mpaka mwezi ulipopita. Mkewe alikuwa ametukanwa kisimani, na hilo halina hesabu ya kamba. Mimi pia nilisimama nikaomba msamaha. Wakaniambia nilipe kwa kazi, nikatengeneza breki zao bure mwaka mzima. Ni haki.

Mwaka 2021, wakati wa jua, kamati ziliuza yale mapine kwa mtu mwenye gari kubwa zaidi, zikanunua ya namba ya zamani lakini yenye meno. Safari ya Baraka ikarudi kwenye litri 24 na nusu. Wakati ule barabara ilikuwa kavu, kwa hiyo sidai kwamba tofauti yote ilikuwa ya mapine.

Na msione litri 2 au 3 ni mchezo. Gari lile lilikwenda mara 4 kwa mwezi. Litri 3 mara 4 ni litri 12, ni nusu ya safari ya Baraka. Kila miezi miwili, safari moja nzima imeliwa na mapine. Ni mgonjwa mmoja amebaki, au wazee hawakufika kwenye kikao.

Kwa hiyo nyinyi mnaoshika kaye, nawaomba siku ya kubadilisha mapine iandikwe kwa kalamu nyekundu. Andika namba za pine lililotoka na za pine lililoingia. Zimeandikwa ubavuni, hazihitaji fundi. Pima kwa kamba, andika ile hesabu juu ya ukurasa, na kila kilometa ya kompteri izidishwe kabla ya kumwita mtu mwizi. Mwenye simu inayoonyesha ramani anaweza kupima safari moja nayo akalinganisha. Msilinganishe mwezi wa mvua na mwezi wa jua. Andikeni na mzigo: gari lenye watu 4 na gari lenye magunia 12 ya mihogo si gari moja. Na muda motere ilipokaa inawaka kwenye kizuizi, huo nao hauna kilometa lakini una mazutu.

Baba mmoja pale nyuma ameniuliza kabla hatujaanza: kwa hiyo mashofere hawaibi? Baba yangu, wanaiba, wengine. Nimewaona, wengine ni marafiki zangu. Lakini kaye iliyopimwa vizuri ndiyo itakayomshika yule anayeiba. Kaye ya sekretere wetu ilikuwa na kosa la litri karibu 2 kila safari; mwizi mwenye akili angejificha humo mwaka mzima akichukua litri moja moja, huku mtu asiye na kosa anachomewa nyumba.

Nimesema ya kutosha. Gari la kamati yenu liko nje, nimeona mapine yake nilipoingia, na mbele na nyuma hayafanani. Kamba ninayo mfukoni. Sekretere, chukua kaye, na bwana shofere, njoo tupime pamoja.